Mtoto Akifungue Mwenyewe

Mwalimu Mackrine alikata kufuli la kabati mchana kweupe, kwa msumeno wa chuma aliouazima kwa fundi baiskeli, watoto wa chekechea wakiwa wameketi kwenye jamvi wanamtazama. Hakufunga mlango. Hakumwambia mtu yeyote asisimulie. Kufuli lilipoanguka sakafuni mtoto mmoja alipiga makofi, na wenzake wakapiga pia, wakidhani ni mchezo mpya.

Chekechea hiyo ilikuwa Nyaishozi, nyuma ya mashine ya kusaga, chumba kimoja cha matofali ambacho wazazi walikijenga kwa nguvu zao. Ndani ya kabati lile kulikuwa na vitabu vya picha vilivyoletwa na wageni kabla Mackrine hajaanza kufundisha pale. Ufunguo alikaa nao mwenyekiti wa kamati, Mzee Cleophace, mkulima wa kahawa mwenye sauti ya taratibu ambayo watu hawakuzoea kuipinga. Kabati lilifunguliwa tu wageni wengine walipokuja. Siku kama hiyo kila mtoto alipewa kitabu, akapigwa picha amekishika, kisha kikachukuliwa kabla hajafunua ukurasa.

"Wataviharibu," Mzee Cleophace alisema kila Mackrine alipoomba ufunguo. "Wafundishe kwanza a, e, i, o, u. Wakishajua kusoma, vitabu viko hapo."

Mackrine angeendelea kuomba kwa adabu kama si habari ya Dusabe.

Dusabe alikuwa mtoto wa miaka minne, mjukuu wa Mukantabana, mama wa Kinyarwanda aliyefanya vibarua kwenye vibanja vya watu, akipalilia migomba na kuchuma kahawa. Mama wa mtoto aliolewa upya huko Kyerwa akamwacha kwa bibi. Darasani Dusabe hakusema neno. Wenzake walipoimba irabu yeye alitazama mlangoni. Alipoulizwa jina lake aliinamisha kichwa. Siku moja Mzee Cleophace alimsimamisha Mukantabana njiani akamwambia, bila ukali, kwamba mjukuu wake ni mzito, anawarudisha wenzake nyuma, na ingefaa akae nyumbani mpaka akili ikomae.

Mukantabana hakubishana naye. Alikuja chekechea asubuhi iliyofuata, akasimama mlangoni na jembe begani.

"Mwalimu, nimekuja kumchukua mtoto. Wamesema ni mzito."

"Nani kasema?"

"Mwenyekiti."

"Nyumbani anaongea?"

"Anaongea mpaka namwambia anyamaze. Anaongea na kuku, anaongea na mbuzi. Hapa ndipo anakuwa jiwe."

"Basi si mzito," Mackrine alisema. "Hatujampa kitu cha kumfanya aongee. Mwache hapa, mama. Hatoki mtu."

Alikwenda kwa Mzee Cleophace mara ya mwisho kuomba ufunguo. Mzee alikuwa anaanika kahawa uani. Alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akaendelea kugeuza kahawa yake. Kutoka pale Mackrine alipitia kwa fundi baiskeli.

Alipovuta mlango wa kabati, harufu ya udongo ilimjia usoni. Mchwa walikuwa wamepanda ukutani, wakatoboa mgongo wa kabati, wakajenga njia zao za tope katikati ya vitabu. Kwa mbele majalada yalikuwa mazima, yanang'aa. Alipovuta kitabu cha kwanza kilibaki jalada mkononi na vumbi likamwagika miguuni. Cha pili hivyo hivyo. 

Vichache vilikuwa vimepona, akaviweka kwenye jamvi. Kimoja kilikuwa na maneno mengi kuliko picha, cha watoto wakubwa. Kingine kilionyesha watoto waliovaa makoti mazito wakirushiana theluji.

"Mwalimu, mbona wanachezea unga?" mtoto mmoja aliuliza. "Mama yao hawachapi?"

Mackrine alicheka. Dusabe alikitazama kitabu, akatazama mlangoni kama kawaida.

Mzee Cleophace alifika kabla ya uji wa saa nne. Aliangalia kufuli sakafuni, akaangalia kabati. Kisha akasema, "Umevunja mali ya watu."

"Nimevunja kufuli. Mali yenyewe imeliwa na mchwa. Njoo uone."

"Ungeniambia nikufungulie."

"Nilikuambia tangu mwaka jana, mzee wangu! Watoto wangevichana kidogo kidogo huku wakivisoma, vingekuwa vimefanya kazi. Mchwa hawajui hata kusema asante."

Mzee Cleophace aliyakusanya majalada yaliyobaki, moja moja, akayapangusa kwa kiganja kana kwamba ndani bado kuna kitu. Mackrine akamwonea huruma, lakini hakufuta neno lake. Mzee alipofika mlangoni alisema bila kugeuka, "Kuanzia kesho usije, mpaka kamati ikae."

Jioni ile Mackrine alikaa jikoni kwake, hasira ikipanda na kushuka. Kilichomuuma zaidi si kusimamishwa. Kilichomuuma ni kwamba amevunja kufuli kwa ajili ya vitabu ambavyo, hata visingeliwa, visingemfungua Dusabe mdomo. Sasa alitaka kujua kama vitabu vya kumfungua viko duniani. Kama viko, angevileta Nyaishozi, kamati ipende isipende.

Alianzia mjini Kayanga. Duka la vifaa vya shule lilikuwa na madaftari, ramani, na vitabu vya kujiandaa na mtihani. Vya watoto wadogo vilikuwa vya herufi tu, kila herufi na picha yake ndogo kama stempu. Muuzaji alimwambia, "Wanaotafuta vitu hivyo unavyosema, dada, huwa wanakwenda Bukoba. Hapa hanunui mtu."

Aliporudi na kumweleza Mukantabana kwamba atakwenda Bukoba, yule mama aliweka jembe chini.

"Unakwenda kumchagulia nani?"

"Watoto. Dusabe kwanza."

"Utajuaje atakachokipenda? Hata nguo mtoto anapimwa. Tunakwenda wote."

Wakapanda gari la alfajiri wote watatu, Dusabe amevaa gauni lake la kanisani.

Duka la vitabu waliloelekezwa lilikuwa na kaunta ndefu na nondo juu yake, vitabu vikiwa nyuma, mbali na mikono ya watu. Mwenye duka aliitwa Placidius, mwanamume mnene mwenye miwani ya kuning'inia kifuani. Mackrine alimsalimia akaomba kuona vitabu vya picha vya watoto wadogo. Placidius aliinua viwili, akaonyesha majalada yake kutoka nyuma ya nondo.

"Hiki na hiki. Utachukua kipi?"

"Sijui bado. Naomba mtoto avifungue."

"Mtoto?"

"Huyu hapa."

Placidius aliinama kumtazama Dusabe, ambaye alijificha kwenye khanga ya bibi yake. "Dada, hapa hatufungui fungui. Kitabu kikishashikwa mikono michafu nani atakinunua?"

Mukantabana aliikamata mikono ya mjukuu wake, akaiinua juu ya kaunta, viganja wazi. "Tazama. Nimeiosha mwenyewe kwa sabuni. Ya kwako umeosha lini?"

Mteja mmoja aliyekuwa nyuma yao alicheka kwa sauti. Placidius hakucheka. Alisema kanuni ya duka ni kanuni ya duka.

"Sawa," Mackrine alisema. "Nimetoka Nyaishozi. Nilishaona kabati zima la vitabu vilivyochaguliwa kwa kuangalia majalada, na sinunui tena jalada. Tutakaa hapa mpaka ubadili kanuni."

Wakakaa kwenye ngazi ya mlangoni, palepale wateja wanapopita. Mukantabana alifungua ndizi zake za kuchoma, akampa mtoto, akamkaribisha kila aliyeingia. Watu waliruka miguu yao. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliuliza kuna nini, akaelezwa, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ndani, "Hata mimi ningependa wangu afungue kwanza." Akakaa nao.

Mwishowe Placidius alitoka, akiwa ameshikilia rundo la vitabu mikononi. "Ingieni basi. Kaeni huku nyuma, hapo mlangoni mtanifukuzia wateja. Lakini ndizi hiyo iishe kwanza."

Nyuma ya kaunta, juu ya maboksi, walivipitia kimoja baada ya kingine. Kulikuwa na kitabu cha mtoto mkaidi aliyechapwa na kuomba msamaha. Dusabe alikisukuma pembeni kabla hakijafika mwisho. Kulikuwa na kimoja chenye migomba, kahawa na nyumba kama za kwao, na moyo wa Mackrine uliruka alipokiona. Lakini ndani hakukuwa na hadithi. Huyu ni baba, huyu ni mama, hili ni jembe. Dusabe alipiga miayo. Mackrine alijaribu kumrudisha, "Angalia, kama kwa bibi!" Mtoto alitazama dirishani. Mackrine aliumia kidogo, maana alikuwa ameamini kwamba hicho ndicho walichokosa.

Kumbe kilichomkamata Dusabe kwanza kilitoka nchi ya mbali kabisa, chenye nyumba za mapaa ya ajabu, na kilimhusu mbwa aliyekuwa akichimba shimo chini ya uzio. Kila ukurasa shimo lilikua, na kila ukurasa mwenye nyumba alikuwa haoni. Dusabe aliliona. Aliweka kidole kwenye shimo, akamtazama bibi yake. Walipofunua tena, kidole kilitangulia.

Placidius, aliyekuwa anajifanya kuhesabu kalamu, alisogea. Aliona kile kidole. Akaenda stoo akarudi na boksi lenye vumbi. "Hivi vilikuja na mzigo mwingine. Hakuna aliyewahi kuviuliza."

Humo ndimo walipokipata cha kuku. Kuku alitafuta mahali pa kutagia, akaona kofia ya pama ya baba juu ya stuli, akaingia. Baba akaitafuta kofia kila mahali ili aende kanisani, chini ya kitanda, ndani ya sufuria, mpaka juu ya mgomba, na katika kila picha kuku alikuwa pembeni kidogo, ametulia ndani ya pama, amefumba jicho moja. Maneno yalikuwa machache sana. Mackrine aliyasoma polepole. Walipofika pale baba anapomwangalia mbuzi mdomoni, Dusabe alianza kutikisika mabega. Kicheko kikatoka, kikubwa kuliko mwili wake.

"Inkoko!" alipiga kelele. "Inkoko mu ngofero! Bibi, yule mzee haoni! Kuku yuko kwenye kofia!"

Lilikuwa neno la kwanza ambalo Mackrine alilisikia kutoka kinywani mwake. Alishindwa kuendelea kusoma. Dusabe akamnyang'anya kitabu akakirudisha mwanzo mwenyewe.

Walirudi Nyaishozi na mfuko wa vitabu, vyote vimepita mikononi mwa mtoto kwanza. Fedha aliyoipata Mackrine msimu ule kwa kahawa ya shambani kwake iliishia humo, na hakujuta.

Kwa kuwa alikatazwa kuingia chekechea, alivipeleka mbele ya mashine ya kusaga. Jumamosi kina mama hujaa pale na mahindi yao, watoto wakiwa wanazurura bila kazi. Alitandika khanga barazani akafungua kitabu cha kuku. Mashine ilipokuwa inanguruma hakuna aliyesikia neno, lakini hilo halikuwazuia watoto. Walionyesha kwa vidole, wakapigana vikumbo kumwonyesha baba wa kwenye kitabu kuku alipo. Mashine iliponyamaza, kelele zao ndizo zilisikika mpaka barabarani.

Kina mama wakaanza kusogea, unga nyweleni. Mmoja wao, Joanitha, alisema, "Mwalimu, nipe nami nimwonyeshe wangu. Lakini Kiswahili changu cha vitabuni si kizuri."

"Mwambie kwa Kinyambo chenu cha nyumbani. Kuku ni kuku."

"Enkoko!" mtoto wa Joanitha akasema mara moja. Dusabe akamjibu, "Inkoko!" Wakabishana, kila mmoja ameshikilia lake, kisha wote wawili wakacheka.

Mukantabana naye alikaa na kile cha mbwa, mtoto mapajani. Hakujua kusoma hata jina lake, na hadithi aliyoisimulia kwa Kinyarwanda ilikuwa na mambo ambayo mchoraji hakuyachora. Mbwa wake alikuwa na mke na madeni ya pombe. Watoto waliokuwa hawajui Kinyarwanda walisogea vilevile.

Habari zilimfikia Mzee Cleophace, na kamati ikaita kikao cha wazazi.

Chumba kilijaa mpaka dirishani. Mzee Cleophace alisimama na kitabu cha kuku mkononi, ambacho mtu alimletea. Alikifungua kwenye ukurasa wenye alama za vidole vya uji.

"Tazameni," alisema. "Wiki chache tu. Mwalimu amekata kufuli, anafundisha barabarani kwa lugha za nyumbani, na hivi ndivyo kitabu kinavyotendewa. Mimi nikiwa darasa la kwanza nilidondosha mafuta kwenye kitabu cha mwalimu. Nilichapwa mbele ya shule nzima. Nikajifunza kitabu ni kitu cha heshima. Kamati iko tayari kumrudisha, kwa sharti aombe radhi na avikabidhi vitabu hivi vitunzwe."

Watu walimgeukia Mackrine. Alisimama. 

"Sitaomba radhi," alisema. "Kufuli nililikata mimi, na likiwekwa lingine nitalikata. Hivyo vidole vya uji, mzee wangu, navijua ni vya nani. Vya mtoto aliyeacha uji wake ili arudi kuangalia kuku. Umenionyesha kwa hasira, lakini mimi nikiuona ukurasa huo nafurahi. Nikuulize kwa heshima. Baada ya zile fimbo, kitabu ulikipenda lini?"

Mtu mmoja nyuma alisema, "Mwalimu, adabu!" Mackrine hakugeuka.

"Lugha za nyumbani ndizo watoto wanazokuja nazo," aliendelea. "Kiswahili wanakipata, tena kwa haraka, kwa sababu sasa wana la kusema. Sivikabidhi."

Ndipo Mukantabana aliposimama. Watu walishangaa. Katika vikao vile aliketi mlangoni na kuondoka bila kusikika.

"Mimi nimelima vibanja vyenu," alisema. "Cha kwako, mwenyekiti, nimekilima. Nilipoambiwa mjukuu wangu ni mzito niliinamisha kichwa, kwa sababu nilizoea kuambiwa. Leo siinamishi. Dusabe, njoo."

Dusabe alikuja mbele. Aliwaangalia watu wote wale, na Mackrine aliogopa kwamba atageuka jiwe tena. Lakini mtoto aliona kitabu mkononi mwa mwenyekiti. Alikwenda moja kwa moja, akavuta shati la mzee, akasema kwa Kiswahili safi, "Umekishika kichwa chini."

Kicheko kiliwatoka watu hata waliokuwa wamekasirika. Mzee Cleophace alikiangalia kitabu, akakigeuza. Hakucheka, wala hakusema amekubali. Alifunga kikao akisema kamati itajadili.

Kamati haikujadili. Jumatatu Mackrine alipofungua mlango wake alimkuta Joanitha barazani na mtoto wake, na nyuma yake wengine wanakuja kati ya migomba, kila mmoja na kikombe cha uji. Kule chekechea walibaki watoto wachache, na mwalimu wa muda aliyewekwa na kamati mahali pake aliondoka kabla ya Ijumaa. Mvua zilipoanza baraza lilikuwa dogo, wakabanana ndani, wakasoma wakiwa wamelala vifudifudi kitandani kwa mwalimu.

Aliyekuja kumwita mwishowe ni mhazini wa kamati, amevaa koti la mvua, amesimama nje. Alisema Mackrine anaweza kurudi na vitabu vyake, na vitakaa chini watoto wanapovifikia, na kila Ijumaa mtoto atachukua kimoja nyumbani. Yalikuwa masharti ambayo Mackrine alikuwa ameipelekea kamati, neno kwa neno.

"Na mwenyekiti anasemaje?"

"Anasema bado umemkosea."

"Mwambie nimemsikia."

Mzee Cleophace alibaki mwenyekiti. Mackrine alimpa shikamoo yake kila walipokutana, naye akaitikia, na hawakuongeza neno. Mpaka Jumatatu moja alipotokea mlangoni pa darasa amemshika mkono mjukuu wake wa kike aliyesoma pale, na mkono mwingine ameshika kitabu cha mbwa. Ukurasa mmoja ulikuwa umechanika katikati.

"Kimechanika kwangu," alisema. Aliongea kwa ukali, lakini alisimama kama mtu anayengoja fimbo.

"Vinachanika," Mackrine alisema. Alimpa gundi na kipande cha karatasi. "Kaa hapo kwenye jamvi, mzee wangu, ukibandike. Wenzio wanakihitaji."

Mackrine alidhani ataondoka. Mzee aliweka kofia yake pembeni, akakunja suruali magotini, akaketi. Alibandika taratibu, kwa vidole vizito vya mkulima, na kabla gundi haijakauka mjukuu wake na Dusabe walikuwa wameshamlalia mabegani, huku na huku, wakimwambia mahali shimo lilipo.